Besi Wanne wa Kilangala

Jumatatu asubuhi Lusia Nangumbi alifungua ukumbi wa kwaya pale Mtanda, na kwenye benchi la besi akakuta kikaratasi kimewekewa kokoto juu kisipeperuke.

"Katibu, usitutafute. Tumekwenda Tunduru. Mungu akitujalia jiwe tutarudi na kinanda. Ni mimi Fidelis, kwa niaba ya sauti ya nne."

Alikisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akakisoma tena. Sauti ya nne nzima! Tangu habari za vito vya Tunduru zifike Lindi mwaka ule wa tisini na tano, mji ulikuwa unapungua kama maji kwenye mtungi uliopasuka. Walianza makarani waliokosa kazi, wakafuata mafundi wa karakana, mpaka mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaacha chaki mezani na kipindi katikati. Lusia alikuwa amewacheka wote. Leo ilikuwa zamu yake kuchekwa. Lau wangetoroka teno, asingejali. Kila kijana anayeota ndevu mbili Mtanda hujidhani teno. Lakini besi hawapatikani njiani. Na Jumamosi, saa nne asubuhi, mgeni alikuwa anakuja.

Mgeni mwenyewe alikuwa Bwana Eusebio Mapunda, tajiri wa Songea aliyetajirikia Dar es Salaam, na alikuwa amelinunua Shirika la Usindikaji Mazao Kusini, lile ambalo kila mtu aliliita SHUMAKU. Alinunua mashine zilizokwisha kwa kutu, matrekta yasiyo na magurudumu, na ghala ambalo nusu ya bati lake lilikuwa limekwenda na upepo. Ukumbi nao ulikuwa mali ya shirika. Barua kutoka ofisini ilisema hivi: mnunuzi atakagua ukumbi Jumamosi, atasikiliza kwaya, kisha ataamua palepale kama jengo libaki kwa Chama cha Kwaya Mtanda au ligeuzwe ghala la korosho kabla ya msimu. Atakalosema ndilo litakaloandikwa.

Lusia aliifahamu lugha ya barua za namna hiyo, maana yeye mwenyewe alianza kazi kwa kuzichapa. Mwaka wa sabini na tisa alikuwa mpiga chapa wa shirika, msichana wa Kimwera mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Walipotafuta katibu wa kwaya, wanaume wote walikataa, wakidhani ni kazi ya kuandika nani amechelewa na nani amevunja kikombe. Wakampa yeye. Miaka kumi na sita alisafirisha watu sabini kwenye lori la mazao kwenda kuimba Nachingwea, Masasi, Kilwa. Alishona sare za kwaya kwa kitambaa cha mapazia wakati madukani hakuna kitambaa. Alisuluhisha ndoa tatu na kuvunja uchumba mmoja, maana yule bwana alikuwa na mwingine Kikole. Wakristo wakifunga Kwaresima, alipanga mazoezi mafupi. Waislamu wakifunga Ramadhani, alipanga mazoezi mafupi. Na walipofunga kwa kupishana, kwaya ilikuwa kama haifanyi mazoezi kabisa, na bado waliimba vizuri. Kisha shirika likaanza kuyumba, ofisi ikaondoa mshahara wake, ikamwachia cheo. Yeye akaendelea na cheo.

Sasa ukumbi ukienda, chama kimekwenda. Kwaya ya watu sabini haifanyi mazoezi sebuleni kwa mtu.

"Na huyo Mapunda," Kadija, kiongozi wa alto, alimwambia siku hiyohiyo, "si Mngoni huyo? Mtani wako kabisa, Lusia. Mkamate shati, mwambie alipe mbuzi wa babu yako."

"We Kadija we! Mtu akishanunua shirika, utani wake unakwenda pamoja na mashine."

"Basi kama si mtani, ndiye mmiliki. Heri angekuwa mtani."

Lusia alikuwa anafunga kilemba kwa safari ya Kilangala.

*

Kilangala walikaa besi wa zamani. Walikuwa wanne, waasisi wa kwaya, waliostaafu shirika katikati ya miaka ya themanini wakarudi mashambani. Kiongozi wao, Mzee Abilahi, alitokea kwenye mihogo kumpokea Lusia, akaegemea jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umenenepa, katibu. Au ni kilemba?"

"Ni matatizo, mzee. Yamevimba."

Alimweleza yote, hakuficha hata neno. Mzee Abilahi alisikiliza akitafuna kipande cha muhogo mbichi, akatema nyuzi pembeni.

"Kwa hiyo watoto wamekwenda kuchimba mashimo, nyie mmekuja kuwafukua wazee."

"Ndiyo hivyo, mzee wangu."

"Wimbo gani?"

"Ule wa Ngao. Mgeni mwenyewe ameuomba. Anasema aliusikia redioni zamani, akiwa kijana."

Mzee akatabasamu mpaka pengo lake likaonekana. "Ule wetu! Ule nauimba hata nikilima. Huseni yuko kwenye ufuta, nitamwita. Na wale wawili nitawatoa popote walipo. Lakini sikiliza, binti yangu: sisi hatulali chini tena. Vitanda."

Akawatafutia vitanda. Nyumba ya Kadija ilitoa viwili, na viwili alitoa yeye Lusia, akalala kwenye mkeka wiki nzima na mgongo ukamkumbusha umri wake kila asubuhi.

*

Mwalimu wa kwaya alikuwa Cletus, mtu mwembamba, mwenye hasira fupi na sikio refu. Alikuwa na sheria moja aliyoirithi kwa padri aliyemfundisha: nota kwanza, maneno mwisho. Siku tatu kwaya nzima iliimba do na mi na so, hapana neno la mtu. "Maneno yanaharibu sauti," alisema. "Mtu akishajua anachosema, anaanza kujisikia." Maneno yalipewa siku moja tu, ya mwisho, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Wale wazee walipofungua vinywa Jumanne, vioo vilivyobaki madirishani vilitetemeka. Soprano waligeuka kuwatazama. Cletus, ambaye hakuwa na desturi ya kusifu, alisema, "Hm," na Lusia akatoka nje akashukuru, kwanza kwa Kilatini kidogo alichobakiwa nacho, kisha kwa Kimwera.

Wimbo wa Ngao ulitungwa mwaka wa sabini na nne. Enzi zile kila wimbo ulikuwa na kupe ndani yake, kupe akiwa ni tajiri, mnyonyaji, mwenye mirija. Ubeti wa kwanza ulisifu jembe. Ubeti wa pili besi walipasuka peke yao, wengine wote kimya: "Kupe, kupe, toka mwilini!" Mara tatu, kwa sauti ya kushuka, kama gogo linaloviringishwa mlimani. Ndipo mahali paliposifiwa redioni.

Mwaka wa tisini na mbili, mambo yalipobadilika na matajiri wakaanza kuitwa wawekezaji, Lusia alikaa na penseli jioni tatu akabadilisha nyimbo zote za kwaya, wimbo kwa wimbo. Pale kwenye kupe aliandika: "Heri, heri, njoo nyumbani!" Silabi zilitoshana moja kwa moja, alijivunia sana. Fidelis na wenzake waliimba hivyo miaka mitatu. Wazee wa Kilangala walikuwa wameondoka kabla.

Alilijua hilo. Hilo ndilo lililomuuma baadaye: alilijua. Kwenye daftari lake aliandika kwa mkono wake mwenyewe, "Besi: maneno mapya, Ijumaa." Lakini Cletus alipanga zoezi la maneno Ijumaa saa sita na nusu, yeye Mkristo wa watu, asikumbuke ni saa ya nini. Wazee wote wanne wakachukua kofia zao wakaenda msikitini. Walirudi saa nane, kwaya imekwisha kutawanyika, na Lusia yuko juu ya stuli anatundika kitambaa, misumari mdomoni.

"Wazee, maneno," alisema kwa pembeni ya mdomo.

"Maneno?" Mzee Abilahi alicheka. "Binti yangu, maneno ya wimbo huu tumeyaimba kabla wewe hujajua kufunga hicho kilemba. Shuka huko, utaanguka."

Walicheka wote, naye akacheka, msumari mmoja ukadondoka. Viti vilikuwa havijafika. Maji ya mgeni yalikuwa hayajachemshwa. Jioni alifungua daftari, na pale penye "Besi: maneno mapya" akaandika "tayari", akalala kwenye mkeka wake usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

*

Bwana Mapunda alifika saa nne kasoro, jambo lililowatisha maofisa, maana wao walipanga kuchelewa. Alikuwa mtu mfupi, mzito, shati jeupe, fimbo nyeusi mkononi ingawa hakuchechemea. Hakucheka na mtu. Aliingia akaugonga ukuta kwa fimbo, akagonga nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akatazama dari.

"Magunia mangapi hapa?" alimwuliza ofisa wa utamaduni.

"Elfu mbili, mheshimiwa, hata zaidi," alijibu yule ofisa haraka, kama mtu aliyekwisha kuyapanga.

Lusia alisikia. Alisimama ubavuni mwa jukwaa, ufunguo wa ukumbi shingoni kwenye uzi, kama siku zote. Mgeni alikaa. Kwaya ikapangwa, soprano mbele, wazee wanne nyuma kabisa wakiwa ndani ya sare za akina Fidelis, mikono imewavuka vidole. Cletus akainua kijiti.

Ubeti wa kwanza ulitoka kama maji. Besi walikuwa wanaunguruma tu chini, midomo imefungwa. Mgeni aliinamisha kichwa kidogo, kidole chake kikaanza kugonga fimbo. Lusia aliona kidole kile na moyo ukamtulia. Akazunguka nyuma ya jukwaa polepole ili awaangalie watu wake kwa upande mwingine, kama afanyavyo kila mara, na hapo akapita nyuma ya Mzee Huseni.

Mzee Huseni alikuwa anajikumbusha ubeti unaofuata. Alijikumbusha kwa mnong'ono, macho yamefumbwa, kwa raha zake.

"Kupe, kupe..."

Lusia akataka kumshika bega, lakini mzee yuko juu ya jukwaa, naye chini. Akanong'ona, "Mzee! Heri! Heri!" Mzee hakusikia, sikio la upande ule lilikuwa limekufa tangu mwaka wa mafuriko. Ilibaki mistari minne. Lusia akazunguka mbio, akajitokeza ubavuni ambapo Cletus angemwona, akamtolea macho. Mistari mitatu. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja vimemwelekea, akaisukuma hewani: simamisha!

Cletus alimwona. Kwa miaka tisa ishara ile baina yao ilikuwa na maana moja tu: ukumbi hausikii, ongeza sauti. Akaitikia kwa kichwa. Akawageukia besi, akaivuta sauti yao kwa mikono miwili kutoka kwenye mashina ya vifua.

"KUPE, KUPE, TOKA MWILINI!"

Vumbi lilidondoka darini.

"KUPE, KUPE, TOKA MWILINI!"

Kidole cha mgeni kilisimama. Kadija alifunga macho. Mara ya tatu wazee waliimba vizuri kuliko zote, Mzee Abilahi akimnyooshea kidole mgeni aliye kiti cha mbele, kama walivyofundishwa mwaka wa sabini na nne kumnyooshea kidole kupe wa kuwaziwa. Cletus, jasho limemtoka, alikata wimbo. Kijiti chake kilibaki juu kimesahaulika.

Ofisa wa utamaduni alisimama, uso umemwiva kwa hasira. "Nani... nani aliyeandaa upuuzi huu? Katibu! Katibu yuko wapi? Mheshimiwa, naomba radhi kwa niaba ya serikali, hawa watu wata..."

Bwana Mapunda aliinua fimbo kidogo tu. Ofisa akakaa katikati ya neno. Mgeni alitazama mbele, taya limekaza, na hakuna aliyejua nyuma ya taya lile kuna nini.

Lusia alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupiga magoti, kueleza habari za Tunduru na Ijumaa na daftari, na kuwatwika wazee wanne, waliotoka kwenye mihogo yao kumsaidia, aibu mbele ya watu. Ya pili ilikuwa wazimu. Alipiga moyo konde akatembea mpaka katikati, mbele ya kiti cha mgeni.

"Katibu ni mimi," alisema. "Naitwa Lusia Nangumbi. Mmwera."

Mgeni alimtazama.

"Hilo jina la kupe umeitwa na sisi, Wamwera, hakuna mwingine," akaendelea, na sauti yake ilimshangaza kwa kutoka. "Babu zako walikuja kwetu na mikuki, wakala mbuzi, wakala kuku, wakala mpaka mbegu, wakaondoka hata ahsante hawakusema. Tumekutunzia jina lako miaka mia, tukitegemea utarudi. Leo umerudi na fimbo, unahesabu magunia. Basi tukuite nani, mtani? Malaika?"

Hakuna aliyecheka. Inzi alipita. Lusia alihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu. Pale alipofika saba alijua amekosea, kwamba utani ule kweli ulikwisha kuuzwa pamoja na mashine, na kwamba kesho watu watasema Lusia ndiye aliyeuza ukumbi kwa mdomo.

Mgeni alisimama. Alikuja mpaka karibu kabisa. Alinuka sabuni na ugoro. Akanyoosha mkono, akaukamata ufunguo shingoni mwake, akauvuta. Uzi ukakatika.

"Nimekamata," alisema.

Nyuma, mzee mmoja wa mtaa alipiga kofi moja peke yake. Aliijua desturi: mtani akishakamata, ameupokea utani. Lakini Lusia aliijua mpaka mwisho wake. Kilichokamatwa hakirudi bure.

"Babu zako," Bwana Mapunda alisema, uso vilevile mkavu, "walipotuona walikimbilia mapangoni, wakaacha wake zao wazungumze. Naona mpaka leo bado mwanamke ndiye anayetolewa mbele." Akamtupia jicho ofisa wa utamaduni. "Sasa ghala nahitaji. Korosho hazilali nje kwa ajili ya utani. Utaukomboa kwa kitu gani?"

"Sina mbuzi, mliwamaliza."

Hapo ndipo mdomo wa mgeni ulipocheza, upande mmoja. Aligeuka, akatembea mpaka nguzo ya tatu kutoka mlangoni, akaigonga. "Kutoka hapa mpaka mlangoni, magunia yangu. Kutoka hapa mpaka ukutani, makelele yenu."

"Watu sabini watakaa wapi hapo, mtani? Wapandane?"

"Waimbe wamepandana."

"Nguzo ya kwanza," alisema Lusia.

"Wewe mwizi. Ya tatu."

"Ya pili, na nitakupa bure teno wawili wa kupakia magunia. Kuimba hawawezi."

Teno wakaguna, na kicheko kikapasuka ukumbi mzima, kicheko cha watu waliobana pumzi muda mrefu. Bwana Mapunda alisubiri kiishe. Akarudi nyuma hatua kumi, akagonga nguzo ya pili.

"Andika," alimwambia ofisa. "Toka nguzo ya pili kwenda jukwaani ni ya Chama cha Kwaya, muda wote shirika likiwa mikononi mwangu. Na kila mwaka, tarehe ya leo, wataniimbia wimbo huu. Maneno yaleyale, wazee walewale. Nilikuwa karani wa ghala mwaka wa sabini na nne, ukipigwa redioni niliuimba kwa kelele nyingi kuliko wote." Akaurudisha ufunguo mkononi mwa Lusia, akakunja vidole vya Lusia juu yake. "Nitachongesha wangu. Usibadilishe kufuli."

Alitoka kama alivyoingia, bila kucheka na mtu. Nusu ya ukumbi ilikuwa imekwenda naye, na meza ya Lusia ilikuwa kwenye nusu ile; kufika Oktoba soprano wangeimba huku wakipiga chafya za vumbi la korosho. Lusia aliyajua hayo yote akiwa amesimama pale na ufunguo usio na uzi. Alikaa kwenye kiti cha mgeni. Akatoa daftari, akatafuta lile neno "tayari", akalifuta kwa kidole kilicholowa jasho mpaka karatasi ikatoboka.

Mzee Abilahi alimjia, ameshika kofia, uso umekunjamana kwa malalamiko.

"Katibu, huyu Cletus wako vipi? Ametukata kabla ya ubeti wa tatu. Ule wa mirija. Ndio mtamu kuliko yote."

Lusia alifunga daftari lake lililotoboka.

"Mwakani, mzee wangu," alisema. "Mwakani mtauimba."